Safu Nyembamba ya Uharibifu

Fomu iliyofika uani kwetu Woodley, Nairobi, baada ya mafuriko ya Aprili 2024 ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa na safu ya jina, ya nambari ya kitambulisho, ya simu, ya idadi ya watu wanaolala nyumbani, na pembeni kabisa safu ya uharibifu, nyembamba kiasi kwamba neno refu lilivuka mstari na kuingia ukingoni. Kwa hiyo watu waliandikiwa neno mojamoja. Godoro. Nguo. Unga. Mwandishi alipokuwa na haraka, hata neno hakuandika. Alitia tiki akaenda mlango wa pili.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu, na mtaani mwalimu mstaafu hafichiki: kila penye kalamu huitwa. Mzee wa mtaa alinikabidhi fomu za vyumba vya nyuma vya nyumba chache zinazopakana na yetu, akaniambia, “Mwalimu, nisaidie hapa, mimi nateremka Toi.” Orodha nimeziandika maisha yangu yote, za wanafunzi, za mazishi, za michango ya hospitali. Hiyo ya mafuriko ndiyo iliyonifanya nione kwamba tathmini ya hasara ni ushahidi, na kwamba ushahidi huo ni mali ya aliyepata hasara kwanza, kabla haujawa karatasi ya ofisi. Asipouandika mwenyewe, utaandikwa na mtu mwenye dakika mbili za kusimama mlangoni.

Asiyeijua Woodley ataona ajabu kusikia tulifurikiwa. Mtaa huu ulijengwa na baraza la jiji enzi za ukoloni kwa ajili ya wapangaji Wazungu: nyumba za mawe, bustani, miti mikubwa, barabara zinazopinda. Juu yake kuna Ngong Road na Adams Arcade. Chini yake kuna soko la Toi na Makina, na kuanzia hapo Kibera inateremka hadi Motoine, mto unaoingia Bwawa la Nairobi na kutokea upande wa pili ukiitwa Mto Ngong. Mtu akisema mafuriko, macho ya ofisi zote hukimbilia huko chini, Lindi, Silanga, Gatwekera, na yana haki ya kukimbilia huko. Lakini nyuma ya nyumba zetu za mawe kuna vyumba vingine. Vingine vilikuwa vya watumishi tangu mwanzo, vingine viliongezwa baadaye kwa mabati na mbao, na ndani yake wanaishi walinzi, wauzaji wa Toi, mafundi, wafuaji nguo, vijana wanaoendesha bodaboda. Sakafu zao ziko chini kuliko barabara. Mtaro wa mvua unapita nyuma ya ukuta wao, na maghorofa yaliyoota pembeni mwa Ngong Road miaka hii ya karibuni yamefunika kwa saruji udongo uliokuwa ukinywa maji. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuwa zimeloweka ardhi. Masika ya 2024 yalipokuja hayakuwa na pa kwenda.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 24 Aprili, maji yaliingia uani kwa mlango wa nyuma, yakiwa yamechanganyika na maji taka. Asubuhi redio ilikuwa na habari za Mathare, watu wakiwa juu ya mapaa. Siku chache baadaye, tarehe 29, ikaja habari ya Mai Mahiu, maji na matope yaliyozoa nyumba usiku na kuua watu kwa makumi. Hadi katikati ya Mei waliokufa nchini kote walikuwa wamepita 250.

Nataja hayo kwa sababu yaliathiri kila mstari wa fomu zangu. Katika chumba cha kwanza anaishi mama fundi wa cherehani, mjane, na watoto wake wawili. Nilipomuuliza amepoteza nini, alinyamaza, kisha akasema, “Mwalimu, wenzetu wamezika watoto. Mimi nitalilia cherehani?” Jibu hilo nililisikia kwa namna mbalimbali mlango baada ya mlango. Watu wenye heshima zao waliona haya kuhesabu sufuria wakati nchi inahesabu maiti. Nami naiheshimu haya hiyo, lakini naona inamdhulumu mwenyewe. Hasara ya jirani haipungui kwa sababu wewe umeficha yako, na orodha ya watu walionyamaza husomwa ofisini kama orodha ya watu ambao hawakuguswa.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwomba anitajie chumba chake kuanzia mlangoni, akizungukia upande wa kulia, kitu kwa kitu, bila kusema kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Ni njia niliyoitumia darasani kuwafundisha watoto insha ya maelezo, na sijaona iliyo bora. Ukimuuliza mtu “umepoteza nini?” atakumbuka vitu vitatu. Ukimtembeza chumbani kwa macho, atakumbuka kila kitu, hata kile alichokuwa amekisahau kabla ya mvua.

Mlangoni: viatu vya shule, jozi mbili. Kulia: ndoo ya unga, kilo kumi, umeingia maji taka. Meza ya cherehani, mbao zimeanza kufumuka. Cherehani yenyewe, ya umeme, mota imelowa. Ovaloki ya mkopo wa chama, haijamalizwa kulipwa. Chini ya meza, mfuko wa vitambaa. Hapo akasimama. Vitambaa vile havikuwa vyake. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, na wazazi walikuwa wamemletea kitambaa cha sare na malipo ya awali. Sare zilizokwisha kushonwa, nusu zilizokatwa, na kitambaa kizima, vyote vilikuwa vimekaa usiku kucha kwenye maji ya choo. Ufunguzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena, shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Yeye alibaki na deni kwa watu ambao nao walikuwa na watoto wa kuvisha.

Kwenye fomu, hayo yote yalitakiwa kuingia kwenye safu nyembamba. Kijana aliyekuwa akiandika mlango wa jirani angeandika “nguo”.

Nadhani hapa ndipo tathmini zetu zinapokosea zaidi. Zimezoea vitu vya kulalia na kupikia, kwa sababu msaada unaokuja kwa kawaida ni wa aina hiyo: blanketi, mkeka, chandarua, jerikani, sufuria, sabuni. Vitu hivyo vinahitajika usiku wa kwanza, na waliotuletea Mungu awabariki. Lakini mafuriko hayamwachi mtu maskini kwa kumnyang’anya godoro. Humwacha maskini kwa kumnyang’anya kitu kinachomletea pesa ya godoro: mota, kikokoteni cha chipsi, simu ya bodaboda, viatu vya mitumba vilivyosubiri kupelekwa sokoni. Nikaanza kuandika kwa mafungu mawili nyuma ya kila fomu: vya kuishi, na vya kutafutia riziki. Kisha la tatu, ambalo mama fundi alilisababisha: mali za watu wengine na madeni yaliyobaki.

Katika chumba cha pili anaishi mzee aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku, sote humwita Guka. Yeye aliamka alfajiri maji yalipopungua, akafagia, akapiga deki, akasugua kuta kwa sabuni, akatoa godoro kuukuu akalitupa jalalani, akafungua mlango upumue. Amelelewa kuamini kwamba mgeni hapokelewi ndani ya uchafu, na alijua kuna wageni wanakuja. Wageni walipofika na ubao wao wa kuandikia, waliona chumba kisafi na mzee aliyekaa kitini. Mmoja wao alinigeukia akaniuliza kama kweli maji yalifika hapa.

Guka hakujibu. Alisimama, akalishika kabati kwa mikono miwili, akalisogeza. Nyuma yake ukuta haukuwa umefikiwa na kitambaa cha deki, na mstari wa kahawia ulikuwa umenyooka kutoka pembe hadi pembe. Mama fundi alileta futi yake ya kushonea. Kutoka sakafuni hadi mstarini kulikuwa na sentimita 38. Tuliandika 38, tukapiga picha futi ikiwa ukutani na Guka amesimama pembeni, na swali lile halikurudi.

Tangu siku ile kila anayeniuliza namwambia jambo moja kabla ya mengine: usisafishe kabla ya kupiga picha. Picha ya chumba kizima kutoka mlangoni, ili ijulikane ni chumba gani. Picha ya mstari wa maji, na futi au rula au hata chupa ya soda kando yake ili kimo kionekane. Picha ya kila kifaa cha kazi, na ya kibandiko chake chenye nambari kama kipo. Maji taka ni hatari, na mwenye watoto hawezi kusubiri ofisi siku tatu akiwa ndani ya uvundo. Dakika kumi za simu zinatosha, kisha piga deki kwa roho safi. Kama godoro lazima litupwe, kata kipande cha kitambaa chake ukihifadhi. Simu nayo yaweza kupotea, kwa hiyo picha zitume kwa jamaa usiku huohuo.

Halafu kuna suala la nani anahesabiwa. Fomu ilisema “mwenye nyumba”, na hapa kwetu maneno hayo yana shida. Nyumba za Woodley ni za kaunti, na umiliki wa baadhi yake umebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi. Mtu aliyepangishwa nyumba kuu na kaunti amepangisha vyumba vya nyuma. Aliyepanga chumba cha nyuma amempa mpwa wake pembe ya kulala, na mpwa anachangia kodi. Ukiandika kwa malango, uani kwetu kuna jina moja. Ukiandika kwa vyungu vinavyopikwa, kuna majina tisa. Mtaa wa mabati kule chini una hali hiyohiyo, ploti moja yenye milango kumi na jina la mwenye ploti anayeishi mbali. Niliandika kwa vyungu. Niliambiwa nimezidisha, nikaeleza, na baadaye nikaambiwa tena nimezidisha. Sijabadili mawazo. Msaada wa kaya lazima ufuate kaya, na kaya ni watu wanaokula pamoja na kulipa pamoja, wawe na hati ya nyumba au wasiwe nayo.

Ushahidi wa kwamba mtu anaishi mahali upo, tena mwingi, ila si ule unaoulizwa. Mpangaji wa chumba cha nyuma hana mkataba wa maandishi. Lakini ana ujumbe wa M-Pesa wa kodi wa kila mwezi, wenye tarehe na jina la anayelipwa. Ana ujumbe wa tokeni za stima. Ana kadi ya kliniki ya mtoto, ana barua ya shule, na ana majirani. Tulinakili tarehe za jumbe za kodi za miezi mitatu kwa kila mlango, na kila mlango ukashuhudiwa na milango miwili ya jirani kwa sahihi. Ilichukua muda. Kijana mmoja muuza viatu vya mitumba alilalamika kwamba tunajiwekea urasimu wenyewe. Nilimwambia urasimu utakuja tu, afadhali utukute tumejiandaa.

Vitambulisho vilikuwa balaa. Maji hayachagui karatasi, na mwaka huohuo ada ya kubadilisha kitambulisho kilichopotea ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Mtu aliyepoteza kila kitu alihitaji kitambulisho ili aandikwe, abstrakti ya polisi ili aombe kitambulisho, na nauli ya kwenda kote huko. Kuna pia waliokuwa na laini za simu zilizosajiliwa kwa jina la ndugu, na jina la fomu lisipolingana na jina la laini, pesa ya simu hukwama. Haya ni mambo ya kurekebisha siku ya jua. Siku ya mvua hayarekebishiki.

Katika chumba cha mwisho alikuwa akiishi mama mwenye watoto wachanga. Usiku uleule alibeba watoto akaenda kwa dada yake Kawangware, kama mama yeyote mwenye akili angefanya. Mlango wake ulikuwa na kufuli fomu zilipopita. Nilimwandika, na kando ya jina lake nikaandika kwamba amehamishwa na maji, majirani wakatia sahihi. Baadaye katika ofisi moja niliambiwa kwamba asiyekuwepo haorodheshwi.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoteketeza soko la Toi, maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, hapa jirani kabisa. Tuliosalia Woodley tulipokea tulioweza. Kwangu alikuja shemeji na wanawe kutoka Kibera, wakiwa na nguo walizovaa. Hakwenda Jamhuri kwa sababu alikuwa na pa kulala, na alisema nafasi ya hema awaachie wasio na mtu. Serikali ilipokuja kutoa msaada wa kuanza upya, shilingi 10,000 kwa familia, na 25,000 kwa waliochomewa nyumba, hesabu iliegemea kambi. Kote nchini waliokaa kwa jamaa walilalamika kwa miaka kwamba walisahauliwa. Shemeji yangu hakupata kitu. Aliishi na uchungu, na si wa pesa. Aliniambia kwamba kuachwa nje ya orodha kulimfanya ahisi kama anasingiziwa kuwa nyumba yake haikuungua.

Ndiyo maana ya mama wa Kawangware sikuyaacha yapite. Jamaa wanaopokea jamaa ndio hifadhi kubwa kuliko zote tulizonazo katika nchi hii, kubwa kuliko mahema yoyote. Hesabu inayomwadhibu mtu kwa kukimbilia kwa dada yake inawafundisha watu wakae ndani ya maji wakisubiri kuonekana.

Tarehe 6 Mei Rais William Ruto alifika Mathare na kutangaza kwamba familia zilizolazimika kuhama zitapewa shilingi 10,000 kila moja. Wiki iliyotangulia serikali ilikuwa imeamuru walio kandokando ya mito wahame, na katika mitaa kama Mathare na Mukuru nyumba zilikuwa zikibomolewa. Woodley tangazo hilo lilizua mkanganyiko. Sisi hatuko ukingoni mwa mto. Hatukubomolewa. Watu waliniuliza kama fomu zile ndizo za 10,000, nami niliwajibu kwa kilichosemwa hadharani, kwamba pesa ile ilitajwa kuwa ya kuhama, na sikuwaahidi zaidi. Ni wajibu mgumu wa mtu anayeshika kalamu: asiuze tumaini ambalo hana.

Nimelifikiria sana lile la kiwango kimoja kwa wote. Lina fadhila yake. Halihitaji kubishana kama mota ina thamani kuliko kabati, na pesa inaweza kutoka haraka, ambalo ndilo jambo la kwanza mtu aliyelowa anahitaji. Lakini kiwango kikiwa kimoja, vita vyote vinahamia kwenye orodha: nani yumo, nani hayumo, nani alimleta shemeji yake. Na mvua ile ilipotunyeshea, Kenya haikuwa na sheria moja ya kitaifa ya kusimamia maafa. Kulikuwa na mswada bungeni, na ofisi nyingi, kila moja na fomu yake. Mtu alianzia kwa mzee wa mtaa, akapanda kwa naibu wa chifu, chifu, kamishna msaidizi wa kaunti ambaye watu bado humwita DO, kisha kuna upande wa serikali ya kaunti, kuna ofisi ya mwakilishi wa wadi, kuna ya mbunge, kuna Msalaba Mwekundu. Guka aliandikwa mara nne na watu wanne tofauti. Mama fundi aliandikwa mara mbili, jina lake likiendelezwa kwa njia mbili.

Marekani, kwenye pesa nyingi na makaratasi mengi zaidi, wameumia kwa jambo hilihili. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico mwaka 2017, maelfu ya waliokuwa wakiishi katika nyumba za urithi, zilizotoka kwa babu hadi mjukuu bila hati, walikataliwa na FEMA, shirika la serikali linaloshughulikia maafa, kwa sababu hawakuweza kuthibitisha umiliki. Ilichukua hadi Septemba 2021 kwa shirika hilo kupanua aina za karatasi linazokubali na kuruhusu, pale karatasi zote zinapokosekana, tamko la mwenye nyumba mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilifikiria sahihi za majirani uani kwetu. Walichokifikia baada ya malalamiko ya miaka, sisi tunacho tayari katika desturi zetu: mtu hutambulishwa na majirani zake. Ofisi ingekipokea tu.

Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Kwa hiyo orodha ya walioathirika si siri ya mtu. Wakati huohuo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa sababu nzuri. Nambari za vitambulisho na simu zikitundikwa barabarani, matapeli watazitumia kabla ya jioni. Tulichofanya ni kuandika orodha ya pili ya majina na milango tu, tukaibandika kwenye ukuta wa kioski ambapo kila mtu hununua maziwa. Watu waliisoma. Siku hiyohiyo majina mawili yaliongezwa, ya vijana wanaofanya kazi usiku ambao hatukuwakuta. Jina moja lilikatwa na majirani wenyewe, la mtu aliyehama tangu Januari na ambaye msimamizi wa ploti alikuwa amemtaja. Hakuna afisa ambaye angegundua hilo. Na jina la mama wa Kawangware lilikaa pale, akiwa na mashahidi watano badala ya wawili.

Msaada tulioupata uani ulikuwa wa vitu, ukaja kwa wachache, na sitaki kuuongeza wala kuupunguza. Lakini orodha zilifanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Mama fundi alichukua ukurasa wake, wenye picha na bei, akaenda kwa wenzake wa chama. Walipoona mota, ovaloki na kitambaa cha watu vimeandikwa kimoja kimoja, walisogeza mbele marejesho ya mkopo wake. Aliwapelekea wazazi wa sare karatasi hiyohiyo. Wengine walimkasirikia, wengi walimsubiri. Kwa mwenye vyumba, wapangaji walikwenda pamoja na vimo vya maji vya kila mlango, wakadai mtaro uchimbwe na vizingiti viinuliwe kabla ya kodi ya Juni. Vizingiti viliinuliwa. Mtaro bado.

Kisha, alfajiri ya Jumamosi tarehe 15 Juni, soko la Toi likaungua, na watu wanne wakafa. Kijana wa viatu, yule aliyelalamika kuhusu urasimu, alikuwa na kibanda huko. Alikuwa ameanza, baada ya mafuriko, kuandika kila bunda analonunua Gikomba katika daftari la kurasa mia: tarehe, bei, jozi ngapi, zilizouzwa, zilizobaki. Daftari lilikuwa linalala nyumbani. Asubuhi ile, huku majivu yakiwa bado na moshi na watu wakiwalilia wafu wao, alikuja mlangoni kwangu nalo mkononi, macho mekundu, akaniomba tuandike. Tukaandika. Wauzaji wengine walikaa nasi, wakajaribu kukumbuka, na wengi hawakuweza kutaja hata nusu ya waliyokuwa nayo usiku uliopita. Hakuna aibu katika hilo. Akili ya mtu aliyeamshwa na moto haiwezi kufanya hesabu.

Kabla ya mvua za vuli tulimwandikia chifu barua, tukatia sahihi wote. Tuliomba safu ya uharibifu ipanuliwe iwe na vifaa vya kazi na madeni, kaya zihesabiwe kwa vyungu, waliokimbilia kwa jamaa waandikwe kwa ushahidi wa majirani, na nakala ya kila fomu ibaki kwa aliyeandikwa. Chifu alitupokea vizuri, akasoma barua yote mbele yetu. Alisema fomu hutoka juu naye hana uwezo wa kuipanua, ila karatasi za kuambatanisha atazipokea na kuzipeleka pamoja nayo. Tumezitoa chapa pale Adams: ukurasa wa vya kuishi, wa vya riziki, wa madeni, wa mashahidi, na nafasi ya kuandika kimo cha maji kwa sentimita. Kila mlango una seti yake, na tumeanza kupeleka nyingine kwa wauzaji wa Toi.